Nimeona kosa kwenye hesabu za mkubwa wangu kazini, na nimenyamaza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea uhasibu na fedha. Likizo hii ndefu nilipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, wiki kumi, kwenye kampuni inayowashauri watu wanaotaka kununua au kuuza kampuni. Nafasi zilikuwa nne tu na walioomba walikuwa wengi. Nilipopigiwa simu kwamba nimechaguliwa, nyumbani walishangilia kuliko hata siku nilipopata chuo. Leo nakuandikia nikiwa nimebakiza wiki mbili, na sina raha hata kidogo.

Wiki za mwanzo sikugusa hesabu yoyote. Kazi yangu ilikuwa kuchapa na kujalidi ripoti, kupanga slaidi ili herufi zilingane, na kuhakiki namba. Kuhakiki ni hivi: napewa ripoti ya kurasa sitini, kalamu nyekundu na mafaili ya chanzo, kisha kila namba iliyomo kwenye ripoti naitafuta ilikotoka na kuiwekea alama ya vema. Nilifanya hivyo karibu mwezi mzima. Wenzangu wawili walikuwa wameshaanza kuingia kwenye vikao na wateja. Nilijisikia kama nimeletwa pale kusukuma karatasi.

Wiki ya saba ndipo nikapewa modeli, yaani jedwali la kompyuta lenye fomula, ya kukadiria thamani ya kampuni moja. Ilijengwa na kaka mmoja aliyenitangulia kazini kwa miaka mitano. Ndiye anayenipangia kazi kila siku, na ndiye atakayejaza fomu ya tathmini yangu. Nilielekezwa nibadilishe makadirio kadhaa kisha nitoe jedwali jipya la matokeo. Nikashusha kiwango cha ukuaji wa baada ya mwaka wa tano kutoka asilimia 3 hadi 2. Thamani ya kampuni haikusogea. Nikadhani nimebadilisha kisanduku kisicho chake, nikarudia, bado haikusogea. Nikafuata fomula nyuma hatua kwa hatua mpaka nikafika kwenye kisanduku chenye thamani ya miaka yote inayofuata baada ya ule wa tano. Hakina fomula. Kina namba tupu, mtu kaiandika kwa mkono.

Nilipoikokotoa upya kwenye karatasi nikaona namba ile inapatikana tu ukiweka ukuaji wa asilimia 4. Ripoti yenyewe, kwenye ukurasa wa makadirio, inasema asilimia 3. Nikirudisha fomula kwa asilimia 3 iliyoandikwa kwenye ripoti, thamani ya kampuni inashuka kwa karibu asilimia 11.

Kwa dakika chache nilifurahi sana, kisha nikaogopa.

Usiku ule nilijitumia faili kwenye barua pepe yangu binafsi ili nilikague tena nyumbani, maana niliamini mimi ndiye niliyekosea. Nilikesha nalo mpaka saa nane. Jibu lilikuwa lile lile. Kesho yake nikakumbuka karatasi tuliyotia saini siku ya kwanza, inayokataza kutoa faili lolote nje ya mfumo wa kampuni. Sijamwonyesha mtu. Kaka yangu wa kuzaliwa ni mhasibu na nilitaka nimtumie anihakikishie, ila nikasita.

Siku tano zimepita, Shangazi. Ripoti itaenda kwa mteja wiki ya mwisho ya mafunzo yangu. Nimewaza kuirudisha fomula kimyakimya pasipo kumwambia mtu. Nimewaza kunyamaza nimalize wiki zangu niondoke. Nikisema, huyo kaka ataniona namuumbua, na hapo ajira niliyokuwa naitumaini imekwenda. Na vipi kama kuna sababu ambayo mimi sijui? Mimi ni nani nimsahihishe mtu wa miaka mitano?

Jambo la mwisho. Kila siku nakaa ofisini mpaka saa tano usiku kwa sababu wote wanakaa, hata siku nisizokuwa na kazi. Nimechoka. Nimeanza kujiuliza kama nilikosea kuchagua kozi hii.

Nisaidie.

Ni mimi, niliyenyamaza

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliijibu kwa mistari michache siku ile ile iliponifikia, kwa kuwa jambo lenye siku za kuhesabu haliwezi kungoja zamu ya kuchapishwa. Hapa nakujibu kwa kirefu, kwa ajili yako na ya wenzako walio kwenye maofisi kama hayo. Umefanya vyema kutomtaja mteja wala kampuni. Na mimi nimeondoa mawili matatu ambayo mtu mwerevu angeweza kuyaunganisha.

Naanza na lile ulilolipitia haraka, yaani faili ulilojitumia. Najua kwako ni dogo kuliko kosa la hesabu. Kwa mwajiri wako huenda likawa kubwa zaidi. Kampuni ya ushauri wa aina hiyo inaishi kwa kuaminiwa siri za watu. Habari kwamba mtu anauza kampuni yake ikivuja mapema, wafanyakazi wake wanaanza kutafuta kazi kwingine, wanaomdai wanamjia juu, na mnunuzi anapata sababu ya kushusha bei. Na kampuni ikiwa na hisa sokoni, mambo yanakuwa mazito zaidi. Katika nchi nyingi, kununua au kuuza hisa kwa kutumia habari ambayo umma haujaipata ni kosa la jinai, na aliyeitoa habari hiyo anaweza kushtakiwa hata kama yeye hakununua hisa hata moja. Kwa hiyo kaka yako usimtumie, wala usimsimulie kwa mafumbo. Si kwamba simwamini. Ukimpa hiyo siri, unamtwika mzigo ambao hakuuomba.

Usilifute faili kabla hujasema. Barua pepe inayotoka nje ikiwa na kiambatisho huacha alama kwenye mfumo wa kampuni, na kampuni nyingi za fedha zina watu ambao kazi yao ni kuzipitia alama hizo. Wakikuta ulituma kisha ukafuta, wataona mtu aliyekuwa anaficha. Nenda kwa msimamizi wa wanafunzi wa mafunzo, au kwa kitengo cha kusimamia kanuni kama mnacho, useme maneno machache: tarehe fulani nilijitumia faili fulani kwenye barua pepe yangu binafsi ili nimalizie kulikagua nyumbani, halijaonwa na mtu mwingine, nimetambua kuwa nimevunja kanuni, naomba mnielekeze namna ya kulifuta. Nyamaza hapo. Usiongeze habari za uchovu wala za mkubwa wako.

Siwezi kukuahidi kwamba hutakaripiwa. Zipo ofisi zinazomsitishia mtu mafunzo kwa jambo hili, na nisingekuwa mkweli kwako kama ningelificha hilo. Ila nimeona tofauti ya namna wanavyotazamwa anayekuja mwenyewe na anayeitwa. Na lifanye kabla ya kuzungumzia kosa la modeli, au walau siku ile ile. Ukileta kosa la mwenzako kwanza, halafu lako likaibuka wiki ijayo, hakuna atakayeamini kwamba ulisema la kwanza kwa nia njema.

Sasa modeli. Nimelifurahia kosa ulilolipata, kwa sababu liko mahali penye uzito kuliko pote kwenye hesabu za aina hiyo. Wasomaji ambao si watu wa fedha wanivumilie kidogo. Ukikadiria thamani ya kampuni kwa fedha itakazoingiza, unakadiria mwaka mmoja mmoja kwa miaka kama mitano, kisha miaka yote inayofuata unaikusanya kwenye namba moja. Namba hiyo hupatikana kwa kuchukua fedha za mwaka wa mwisho, kuzikuza kwa mwaka mmoja, halafu kugawanya kwa tofauti kati ya kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayotumika kushusha fedha za baadaye ziwe na thamani ya leo, na kiwango cha ukuaji. Chukua mfano wangu: mwaka wa tano unaingiza 100, na kiwango cha punguzo ni asilimia 10. Ukuaji ukiwa asilimia 2, namba hiyo ni 1,275. Ukiwa 3, ni 1,471. Ukiwa 4, ni 1,733. Asilimia moja tu inayoonekana kama si kitu, na thamani imeruka hivyo. Namba hiyo mara nyingi hubeba zaidi ya nusu ya thamani yote ya kampuni, na ndiyo maana haitakiwi kuandikwa kwa mkono juu ya fomula. Anayeuza na anayenunua watakaa mezani wakibishana juu ya asilimia 11 hiyo uliyoiona.

Unauliza, vipi kama kuna sababu usiyoijua. Swali zuri, na jibu ni kwamba huenda ipo. Nimewahi kuona namba imegandishwa kwa makusudi, yaani imeandikwa mahali pa fomula: mteja aliomba aone hali fulani, mchambuzi akaigandisha kwa mchana mmoja, kisha simu ikalia na akasahau kuirudisha. Nimeona pia iliyogandishwa kwa sababu makadirio yalibadilika kikaoni na ripoti ikachelewa kuandikwa upya. Katika hali hiyo ya pili modeli ndiyo iko sahihi na ripoti ndiyo yenye kosa. Kwa hiyo kabla hujasema lolote, tazama kama kisanduku kina maelezo yaliyoambatishwa, fungua matoleo ya zamani ya faili uone fomula ilitoweka lini, na soma kumbukumbu za vikao ulizo na ruhusa ya kuzisoma. Yote haya yafanye ofisini, kwenye kompyuta ya ofisi. Saa moja inatosha. Usifanye upelelezi wa wiki nzima, maana hapo utakuwa unaahirisha.

Umeniuliza wewe ni nani umsahihishe mtu wa miaka mitano. Ngoja nikusimulie habari ya mwanafunzi mwenzako.

Mwaka 2010 maprofesa wawili wa uchumi, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala kuhusu madeni ya nchi. Walionyesha kwamba nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa uchumi chini ya sifuri, yaani asilimia hasi 0.1. Wanasiasa waliitumia makala hiyo kutetea kubana matumizi ya serikali. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, akapewa zoezi la darasani: achague makala maarufu, arudie hesabu zake. Akachagua hiyo. Kila akirudia, namba hazilingani. Kama wewe, alidhani tatizo ni yeye, na walimu wake nao walidhani hivyo mwanzoni. Akawaandikia maprofesa wale kuomba jedwali lao, nao wakampa. Alipolifungua akakuta fomula ya wastani inaishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano hazikuhesabiwa: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Alipolirekebisha hilo, pamoja na mambo mengine mawili kuhusu data zilizoachwa na namna nchi zilivyopewa uzito, wastani ukatoka hasi 0.1 ukawa 2.2. Yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, wakayatoa matokeo hayo mwezi Aprili 2013. Maprofesa wale walikiri kosa la jedwali, ingawa waliendelea kutetea hoja yao kuu.

Tazama alichokifanya kabla hajasema. Alirudia hesabu. Akaomba faili kwa wenyewe. Akaonyesha mstari gani, nchi zipi, tofauti kiasi gani. Hakuna mahali alipohitaji cheo. Mstari wa 44 ni mstari wa 44 hata ukionyeshwa na mtoto.

Wala usidhani makosa ya namna hii hutokea kwa wazembe tu. Mwaka 2012 benki ya JPMorgan ilipoteza zaidi ya dola bilioni 6 katika biashara zilizofanywa na ofisi yake ya London. Uchunguzi wa benki yenyewe ulionyesha kwamba modeli ya kupima hatari ilikuwa inaendeshwa kwa majedwali ya Excel ambayo watu walinakili na kubandika data kwa mikono, na fomula mojawapo iligawanya kwa jumla ya viwango viwili mahali ilipotakiwa kugawanya kwa wastani wake. Kosa hilo peke yake halikuleta hasara, lakini lilifanya hatari ionekane ndogo kuliko ilivyokuwa. Pale walikuwapo watu wenye shahada na uzoefu mkubwa.

Na mimi nilinyamaza wakati fulani, kwa hiyo ninalokwambia nalijua kutoka upande wako wa meza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kwenye dawati la mikopo. Mikataba yetu ilisema riba ihesabiwe kwa mwaka wa siku 365. Jedwali tulilolirithi liligawanya kwa 360. Kwa mkopo wa milioni moja wenye riba ya asilimia 12, kwa siku 90, jedwali lilitoa 30,000 wakati mkataba ulitaka 29,589. Tofauti ni 411. Nikajiambia 411 ni nini, na aliyelitengeneza jedwali alikuwa mtu ninayemheshimu. Lakini mikopo haikuwa mmoja, na wala haikuwa ya siku 90 pekee. Baada ya miezi kadhaa mteja mmoja akakaa na kikokotoo chake, akaja na karatasi. Katika kikao kilichofuata sikumbuki kama mtu aliuliza nani alikosea. Waliuliza nani mwingine alikuwa ameliona. Nilinyoosha mkono, na yule niliyekuwa namheshimu alinigeukia akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukuniambia?" Mwanangu, swali lile liliniuma kuliko barua ya onyo. Nilidhani namlinda, kumbe nilimwacha peke yake na kosa ambalo ningeweza kumsaidia kulitoa.

Kwa hiyo huyo kaka yako wa kazini mwendee yeye kwanza. Usiende juu ya kichwa chake, na usiandike kwenye kundi la ujumbe ambalo watu kumi wanasoma. Mwombe dakika kumi, mahali ambapo hamsikiki, asubuhi kabla siku haijachafuka. Uwe na karatasi moja iliyochapwa: jina la kisanduku, namba iliyomo, namba ambayo fomula ingetoa kwa asilimia 3, ukurasa wa ripoti unaosema asilimia 3, na matokeo ya mwisho katika hali zote mbili. Kisha sema hivi au namna yako inayokaribia hivi: "Kaka, nilipobadilisha ukuaji matokeo hayakusogea, nikafuatilia nikafika hapa. Naona kuna namba badala ya fomula, na inalingana na asilimia 4. Sijui kama iliwekwa kwa makusudi. Naomba unieleweshe."

Ukifika hapo, mwache afikiri. Mtu akionyeshwa kosa lake kwa mara ya kwanza anaweza kujibu kwa ukali ambao hata yeye hakuutaka. Mpe nafasi ya kutazama kisanduku kwa macho yake. Wengi hushusha pumzi na kusema asante, kwa sababu wanajua ingekuwaje kama mteja ndiye angeliona. Akikuuliza umelijua tangu lini, mwambie ukweli: siku tano, na nilichelewa kwa sababu niliogopa kuwa nimekosea. Usipunguze siku.

Habari ya kuirudisha fomula kimyakimya itoe kichwani kabisa. Najua inaonekana kama njia ya amani. Lakini namba ya zamani imeshanakiliwa kwenye slaidi, kwenye ripoti, pengine kwenye barua aliyoandikiwa mteja. Ukibadilisha modeli peke yake, faili litasema moja na ripoti itasema jingine, na siku watakapotafuta aliyegusa mwisho, jina litakuwa lako. Isitoshe, huenda asilimia 4 ndiyo waliyokubaliana, na wewe utakuwa umeharibu kilichokuwa sawa. Modeli hubadilishwa na mwenye nayo akijua.

Akikwambia achana nayo? Mwulize mara moja zaidi, kwa adabu: basi niandike nini kwenye ukurasa wa makadirio, 3 au 4? Swali hilo lina jibu moja kati ya mawili, na lolote atakalolichagua litamlazimu kulinganisha ripoti na modeli. Akikataa kabisa kulijibu, mpelekee karatasi ile ile anayepitia kazi kabla haijatoka. Kampuni zinazofanya tathmini za thamani huwa na mtu wa pili wa kupitia hesabu kabla ya saini, na namba kama hiyo ndiyo sababu ya kuwekwa kwake. Mwambie huyo kaka kwamba unampelekea. Usimfanye alisikie kwa wengine. Andika kwenye daftari lako la ofisi ulisema nini, kwa nani, saa ngapi. Zaidi ya hapo kazi yako imekwisha, na uamuzi ni wa watakaotia saini.

Je, itakugharimu tathmini nzuri? Inaweza. Kuna watu wenye vinyongo, nami simfahamu huyo kaka. Nikipima hatari mbili hizi, kusema na kunyamaza, naona ya kunyamaza ni kubwa zaidi kwako, kwa sababu faili linaonyesha kwamba wewe ndiye uliyelifungua mwisho na kubadilisha kiwango cha ukuaji. Mtu mwingine akiligundua mwezi ujao, wataona kuwa lilipita mikononi mwako na jedwali la matokeo ukalitoa hivyo hivyo.

Sasa ile kalamu nyekundu. Umeandika kana kwamba ule mwezi ulipotea, nami nakukatalia. Ulikaa wiki nne ukiuliza kila namba imetoka wapi. Wiki ya saba ukakutana na namba isiyo na kwao, na macho yako yakaiona papo hapo, wakati watu wenye miaka kazini waliipita. Wenzako walioketi kwenye vikao wamejifunza mengine, na ni mazuri. Lakini wakaguzi na wachambuzi ninaowaheshimu kuliko wote walianzia pale pale ulipoanzia wewe, na wengine hawajaiweka kalamu hiyo chini mpaka leo. Unapoandika ripoti ya chuo, usione haya kueleza kazi hiyo kwa undani: ulihakiki vipi, chanzo kipi kilikuwa kigumu, makosa ya aina gani yalijirudia. Mteja usimtaje, na namba zake usiziweke. Uliza msimamizi wako kipi kinaruhusiwa kabla hujakabidhi.

Kuhusu kukaa mpaka saa tano usiku bila kazi, acha. Saa hizo za usiku zina historia mbaya kwenye fani hii. Mwaka 2013 mwanafunzi wa mafunzo wa miaka 21 alifariki London baada ya kufanya kazi usiku mfululizo. Uchunguzi ulisema alipatwa na kifafa, na kwamba huenda uchovu ulichangia ingawa haikuweza kuthibitishwa. Mwaka 2015 benki ya Goldman Sachs iliwaagiza wanafunzi wake wa likizo wasiwe ofisini kati ya saa sita usiku na saa moja asubuhi. Unaona kwamba hata kwenye sehemu zinazosifiwa kwa kukesha walilazimika kuchora mstari. Ukimaliza kazi yako, mwulize anayekupangia: kuna kitu unahitaji kutoka kwangu leo? Akisema hapana, aga, uende ukalale. Kazi ya kuona kisanduku kisicho na fomula inataka kichwa kilicholala.

Nimeacha swali lako la mwisho mpaka sasa, la kama umekosea kozi. Silijui jibu, na wewe usilitafute wiki hii, ukiwa na hofu na usingizi wa saa nne. Lakini kuna mstari mmoja kwenye barua yako ambao nimeurudia mara kadhaa. Umesema ulipokipata kile kisanduku ulifurahi sana kwa dakika chache, kabla hujaogopa. Hukueleza zaidi, ukakimbilia hofu. Mimi nataka kusikia habari za dakika zile. Ulikuwa unafurahia nini? Kwamba umemshinda mtu, au kwamba namba zilizokuwa zimekataa kusogea sasa zimesogea? Maliza haya kwanza, kisha niandikie hilo.

Shangazi yako